Taa ya Maziwa, Taa ya Chai

Ijumaa iliyopita nilipoegesha gari mbele ya duka letu la kahawa pale Sulimaniyah, Riyadh, mlicheka wote. Hamadi ndiye aliyeanza. "Masudi, umeondoka hapa na taa mbili kama mapacha, umerudi moja iko kwenye paji la uso na moja iko kidevuni. Huko Jeddah wamekufanya nini?" Nikasema nitawaeleza. Nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili nilikwama palepale, mkadhani kahawa imenipalia.

Basi nimekaa nikaandika. Mnajua shule niliiacha mapema, kwa hivyo msitafute maneno makubwa humu. Habari za bima, ukaguzi na ruhusa ya kazini nimeziruka, kila mmoja wenu anazijua.

Riyadh: Dirah na karakana

Gari mnalijua, lakini hamjui lilivyokuwa. Baba alilinunua Jeddah wakati mimi sijajua kusema vizuri. Alilifanyia kazi ya kupeleka watu na vifurushi vya watu wetu wa pwani, baina ya Jeddah na Riyadh, kwenda na kurudi. Mbele alilitia taa mbili za ziada, za mviringo, mgongo wake wa kromu, kama walivyofanya madereva wa safari ndefu enzi hizo. Kila safari nilikuwa naye, shule iwe imefungwa au haijafungwa, kiti cha mbele, nikimshikia chupa ya chai.

Nyumba yetu ilikuwa Kandara, ndani ya kichochoro. Baba hakupiga honi akifika. Uani kwetu wanawake wa jirani walikuwa wakikaa na mama vichwa wazi, na baba akiona si adabu kuwaingilia ghafla. Kwa hivyo alikuwa akipiga hodi kwa taa. Akifika mbele ya nyumba anazima taa kubwa, kisha zile mbili za ziada anaziwasha na kuzizima mara tatu kwenye dirisha la chumba cha mbele. Wanawake wanajifunika, mtu mmoja anakwenda kufungua geti. Hodi yetu ilikuwa hiyo.

Mama alitangulia mbele ya haki. Mwaka uliofuata baba naye akaenda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, mdogo wangu Rahma minne, na baina yetu hakuna mwingine. Gari lilisimama nje miezi kadhaa, na siku niliyokwenda kuliwasha nikakuta taa zile mbili zimeng'olewa, waya zinaning'inia. Nikaacha shule nikaja nalo Riyadh kutafuta kazi. Rahma alibaki Kandara na shangazi Zuhura, dada yake baba, katika nyumba ileile. Nilimwambia taa nitazirudisha mwezi ujao. Sasa tunakaribia miaka thelathini.

Mwezi uliopita Rahma alinipigia simu. Yusufu, mumewe, amepata kazi ya kusomesha Unguja, wanahama na wanaondoka na shangazi. Ndege ni Jumamosi asubuhi. Ufunguo wa nyumba wanamkabidhi mwenye nyumba Ijumaa, baada ya Isha.

"Kaka, nina jambo nataka kukuomba, usinicheke," alisema. "Mimi sura ya baba sina. Picha ninaiangalia lakini ni kama picha ya mtu mwingine. Nilichonacho ni zile taa ukutani, pale nilipokuwa nikilala. Nataka ziuguse ule ukuta mara moja tu kabla hatujatoka."

Nikamwambia nitakuja nazo.

"Moja nyeupe na moja manjano," akasema. "Ile ya manjano ilikuwa chini."

"Rahma, zote mbili zilikuwa manjano."

"Moja kama maziwa, moja kama chai."

Hayo maneno ni yake tangu utotoni. Sisi tulikuwa tukimtania kwayo, tukimwita Bi Maziwa-na-Chai. Nikamwambia, "Mdogo wangu, wewe ulikuwa na miaka minne. Mimi ndiye niliyekuwa nikisafiri na gari lile." Isitoshe, nilikuwa na ushahidi. Ipo picha moja ya baba amesimama mbele ya gari, na taa inaonekana wazi, manjano. Inaonekana moja, kwa sababu nyingine imezibwa na kanzu yake. Lakini nani anatia taa mbili zisizofanana kwenye gari moja?

Taa nilizipata Dirah, katika yale maduka ya vitu vya zamani, baina ya birika na redio zilizokufa. Zilikuwa za umri uleule, bakuli la kromu, kioo chenye mistari, ila vioo vyote viwili vilikuwa vyeupe. Nikazipeleka kwa fundi umeme wa magari, Mpakistani anayeitwa Anwar, kule kwenye karakana. Nikamwambia anitafutie rangi ya kioo anipakie zote mbili manjano.

Anwar alilala chini ya gari muda mrefu. Akatoka na uso wa mtu mwenye swali.

"Bosi, tundu za zamani zipo. Hii ya kulia iko juu ya bampa. Ya kushoto iko chini, kwenye chuma cha chini kabisa. Mafi sawa, hapana lingana."

"Basi toboa nyingine kushoto, juu, zilingane."

"Tundu ya zamani nzuri, bosi. Kwa nini toboa bampa ya baba?"

"Baba yangu alikuwa mtu aliyenyooka," nikamwambia. "Toboa."

Akatoboa. Kazi yake nyingine ilikuwa safi, sina neno: waya nene, fyuzi, rilei ili swichi isiungue. Swichi nilimwambia aiweke palepale ilipokuwa ya baba, chini ya usukani, ambapo tundu lake lilikuwa wazi miaka yote. Nilipoibonyeza mara ya kwanza ikatoa mlio wake, *tak*, nikaibonyeza tena na tena. Kwa maana mimi nilichonacho cha baba ni hicho. Tukiingia kichochoroni, nusu nimelala, nilikuwa nikisikia *tak, tak, tak*, nikajua tumefika kwa mama.

Kutoka Riyadh: simu za watu nisiowajua

Nilitoka Alhamisi baada ya Alfajiri. Hesabu yangu ilikuwa nifike Kandara Magharibi ya siku hiyohiyo, nipige hodi, halafu Ijumaa tupumzike. Mke wangu alinifungia vitumbua kwenye sahani mbili zilizofunikana. Akachukua kipande cha sabuni, akaandika nambari ya simu ya Rahma kwenye kioo cha nyuma, tarakimu kubwa kama za duka. "Gari likikufia njiani na simu yako nayo ikafa," alisema, "mtu apige Jeddah." Nikaona ni busara.

Nyote mmekaa nchi hii miaka, na najua mmeshaanza kucheka. Hapa mtu anayeandika nambari ya simu kwenye kioo cha nyuma anauza gari. Mimi hilo nalijua kama ninavyojua jina langu, na mke wangu analijua. Lakini asubuhi ile akili zetu zilikuwa zimekwishafika Jeddah.

Gari lilikwenda vizuri hadi kupita Quwayiyah. Nilisimama kwenye kituo cha mafuta ili injini ipoe. Nikafungua vitumbua, nikasimama navyo kivulini. Kando yangu liliegeshwa gari kubwa la familia, na mtoto mchanga alikuwa akilia mikononi mwa dada mmoja aliyevaa sare ya kazi za nyumbani. Alikuwa akimbembeleza kwa Kiswahili.

"Dada, hujambo?" nikasema.

Akageuka kama amechomwa. "Ai! Wewe unaongea Kiswahili? Mzee, wewe ni wa wapi?"

"Nyumbani kwetu asili Unguja. Nimezaliwa Jeddah."

"Mimi ni wa Bungoma. Naitwa Nekesa. Woi, leo nimebarikiwa, wiki mbili sijaongea na mtu lugha yangu." Akaangalia sahani. "Na hizo mandazi zimekuwa flat hivyo, ni nini?"

"Ni vitumbua. Vya mchele. Chukua."

Alikula viwili huku mtoto begani. Akaniuliza zile taa za mbele ni za nini, kwa sababu gari lilikuwa limekaa kama ambulensi ya zamani. Nikamweleza, kwa kifupi, habari ya Rahma na ukuta. Nikamweleza pia kwamba mdogo wangu anakumbuka vibaya.

"Mtoto wangu ako na five years," Nekesa akasema. "Nilimwacha akiwa na miaka tatu. Juzi kwa simu aliniambia, mama, ile leso yako ilikuwa na shimo hapa kwa kona. Mimi nikamwambia hapana, haikuwa na shimo. Nikauliza mama yangu. Akaenda akaangalia. Shimo iko." Akafuta sukari mdomoni. "Leso ilikuwa yangu, mzee, na mimi ndio nilikuwa naivaa. Shimo sikuwahi kuiona."

Kabla sijamjibu, bosi wake, kijana wa Kisaudia mwenye miwani ya jua, alikuja akalizunguka gari mara mbili. Akagonga bampa kwa kidole, akasema mashallah, akaenda nyuma, akatoa simu yake na kupiga. Nikaona ni mambo yake. Nekesa alimsikiliza kidogo, kisha akanigeukia. "Bosi anasema wewe si mwenye gari? Ameongea na mwenye gari, ni mwanamke, anamgombanisha!"

Hapo simu yangu ikalia. Rahma.

"Kaka, unauza gari la baba?"

"Nani? Mimi?"

"Huyu ni mtu wa nne! Tangu saa mbili wananiuliza bei ya mwisho! Mmoja ananiita Ummu-Sayyara, mama wa gari. Kama umechoka nalo niambie mimi, usiniambie kwa midomo ya watu!" Alikuwa analia.

Nilichukua dakika kumi kumtuliza, na nyingine tano kumweleza yule kijana, ambaye hakuamini hata kidogo na akaongeza bei. Nekesa alishika tumbo kwa kicheko. Ndiye aliyenifutia zile nambari kwa kitambaa cha mtoto. Nilimwachia vitumbua vyote vilivyobaki. Walipoondoka alinipungia dirishani hadi gari likapotea.

Zalim: ghubari

Kabla ya kufika Zalim, mbele yangu palikuwa na ukuta wa rangi ya mdalasini, kutoka ardhini hadi juu. Ghubari, dhoruba ya vumbi. Dakika kumi baadaye sikuona hata pua ya gari langu. Nikawasha taa za baba kwa fahari kubwa, nikisema sasa ndiyo kazi yake.

Jamani, zilikuwa balaa. Mwanga wote ulikwenda kwenye vumbi na kunirudia machoni, pazia la manjano limening'inia mbele yangu. Nikazizima, nikafuata taa nyekundu za lori mpaka kituoni, nikaegesha nyuma yake. Tulikaa pale muda wa saa tano, milango ya mgahawa imefungwa na mataulo yamesukumwa chini ya milango.

Dereva wa lori alikuwa Msudani, mtu mzima, tuliyemwita Ammi Idrisi. Aliagiza ful, maharage ya kupondwa, sinia pana lenye mafuta ya ufuta juu, akanivuta kwa mkono nikae nile naye. Vumbi lilipolegea alitoka kulitazama gari langu. Akachuchumaa mbele ya bampa.

"Njia hii nimeipita miaka arubaini," akasema kwa Kiarabu chake cha polepole. "Taa ya manjano ni ya vumbi na ukungu. Inakaa chini, magotini, ipite chini ya vumbi. Nyeupe ni ya mbali, inakaa juu. Wewe zote za vumbi, na zote umezitundika juu. Nani amekuwekea hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Zilingane."

Alinicheka mpaka kilemba kikamlegea. "Mwanangu, unataka zilingane au unataka uone?"

Mngesema hapo nilifahamu. Sikufahamu. Nilisema moyoni huyu anazungumzia malori. Nilikuwa nimeshasema zote ni manjano, nimeshatoboa, na nimezoea miaka thelathini kuwa mimi ndiye ninayejua. Nani mwingine angejua? Homa za Rahma, shule ya Rahma, mahari ya Rahma, yote niliamua mimi. Mtu akiamua hivyo muda mrefu anasahau kuuliza.

Magharibi ya Alhamisi ilinikuta nikiwa bado mbali na Taif. Nikampigia Rahma, nikamwambia ni kesho. Akasema, "Kesho ndiyo ya mwisho, kaka." Hakusema kwa lawama, na hilo liliniuma zaidi.

Taif na mteremko wa Sail

Nililala Taif katika nyumba ya wageni ya bei ndogo, blanketi mbili, maana kule baridi ni kweli. Asubuhi mhudumu wa Kiyemeni aliniletea mkate wa moto na asali, akaniuliza maonyesho ya magari ya zamani ni wapi. Nikamwambia hakuna. Hakuniamini na akanitakia ushindi.

Sikuthubutu kushuka mlima wa Hada na breki za zamani, nikazunguka kwa njia ya Sail. Pale penye msikiti wa kuhirimia palijaa watu wenye nguo nyeupe, mabasi kwa mabasi. Baba alikuwa akisimama hapo kila safari hata akiwa na haraka. Ananunua maji, anayatia kwenye rejeta, anapiga kofi bodi, "Haya, bibi, twende kwa wenyewe." Nilisimama palepale nikatia maji. Nilitaka kupiga lile kofi na kusema yale maneno. Nilipiga kofi peke yake, nikafunga boneti.

Huko breki zikatoa harufu, nikalazimika kupumzika kila baada ya kona chache. Ijumaa niliisali njiani. Nilipoingia Jeddah ilikuwa Alasiri imekwisha, joto la pwani limenigandisha kanzu mgongoni, na foleni ya magari haisogei. Kutoka kuingia mji hadi Kandara nilitumia muda wa kutosha kuchemsha maharage.

Kandara: ukuta wa chumba cha mbele

Adhana ya Magharibi ilinikuta naingia kichochoroni. Nyumba ilikuwa tupu. Kapeti zimekunjwa, masanduku yamefungwa kamba, na katikati ya chumba cha mbele kimebaki kiti kimoja cha shangazi Zuhura. Macho yake sasa yana ukungu, anaona mwanga na vivuli tu.

"Masudi?" akasema aliposikia viatu vyangu. "Umekonda. Nasikia kwa unavyotembea."

"Shangazi, mtu hasikiki kukonda."

"Wewe unasikika. Njoo nikushike uso."

Tuliswali. Yusufu akaniambia wakala wa mwenye nyumba amepiga simu mara mbili: baada ya Isha anakuja, halas, hakuna kuongeza. Tulikuwa na kama saa moja na nusu. Rahma alitandika mkeka palepale kilipokuwa kitanda chake, akakaa miguu ameikunja, mwanamke mzima mwenye watoto wawili. Akaniambia yuko tayari.

Nikaenda kwenye gari. Nikalirudisha hadi mwanzo wa kichochoro, nikaja polepole, nikazima taa kubwa. *Tak. Tak. Tak.*

Nikakimbilia ndani. Rahma alikuwa bado amekaa, ameuangalia ukuta. Aligeuka akatabasamu.

"Nzuri sana, kaka. Ahsante. Mungu akulipe."

Nimemlea mtoto huyu kwa simu na kwa safari za sikukuu, lakini nimemlea. Tabasamu lile alikuwa akilitoa nilipomletea viatu vinavyombana.

"Sizo," nikasema.

"Nimesema nzuri."

"Rahma. Sizo?"

Akatazama chini. "Ni taa, kaka. Mbili, manjano, zimelingana. Zangu zilikuwa moja kubwa nyeupe juu pale," akaonyesha karibu na dari, "na moja ya manjano chini, hapa, kwenye mto wangu. Nilikuwa naweka mkono juu yake. Nilidhani ina joto."

"Mtoto wa miaka minne..."

"Ndiyo, miaka minne!" Sauti ikapanda, Yusufu akatoka nje kwa adabu. "Kila siku miaka minne! Wewe ulikuwa na kumi na tano, haya. Gari likiingia hapa, wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Mbele. Na baba."

"Ndani ya gari."

"Ndani ya gari."

"Basi ulizionaje, kaka?"

Hapo ndipo ninapokwama kila nikiwaeleza. Nilisimama katika chumba kile kitupu nikatafuta, katika kichwa changu chote, mara moja tu ambapo nilikuwa nje na baba anaingia na taa zimewaka. Sikuipata. Nilikuwa naye kila safari, na mchana nilizipita mara elfu bila kuziangalia. Nilikuwa nyuma ya taa nikiona migongo yake ya kromu, na mwanga uliochanganyika barabarani. Mwenye kukaa akimsubiri baba ni Rahma.

Shangazi Zuhura akakohoa kwenye kiti chake. "Moja ya mbali, moja ya vumbi," akasema. "Marehemu alikuwa akisema hivyo. Hukuuliza."

"Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Wewe mtu anakuambia?"

Nikatoka na tochi ya simu, nikalala chali chini ya gari kwa kanzu ya Ijumaa. Tundu la zamani la kushoto lilikuwapo, kwenye chuma cha chini, kama Anwar alivyosema, kutu imelizunguka. Yusufu alileta spana kutoka kwa jirani. Nikaifungua taa ya kushoto, nikaigeuza, bolti ikaingia katika tundu la baba bila kusukumwa. Waya ilifika. Juu ya bampa likabaki tundu langu, jipya, linang'aa.

Ile ya kulia ilikuwa na rangi ya manjano ya kupakwa, na mafuta ya taa hayakuifanya kitu. Nilikuwa nakwaruza kwa ukucha Rahma alipokuja na chupa ndogo na pamba. Ilikuwa dawa yake ya kutolea rangi ya kucha. Alichuchumaa karibu nami, begani kwangu, akafuta. Pamba ya kwanza ikawa manjano, ya pili, ya tatu. Kioo kikatoka cheupe. Mara moja aliniambia, "Sogeza kichwa, unanizibia," na mimi nikasogeza kichwa.

Alipomaliza akasimama, akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

"Wa nini?"

"Leseni ninayo, au hukumbuki? Nenda ndani kakae."

"Rahma, hizi ni zako. Wewe ndiye unayeondoka."

"Mimi nimeziona kila safari mpaka baba alipokufa. Wewe hata siku moja. Nenda, kaka. Ukuta ndio huu huu, na saa ndiyo hii."

Nikaenda. Nilikaa kwenye mkeka, mtu wa miaka arubaini na kitu, magoti yananiuma, mikono inanuka kutu. Shangazi alikuwa kitini kwake. Nilisikia injini ikirudi nyuma hadi mwanzo wa kichochoro. Nilisikia ikija. Sikuwahi kuisikia ikija, mimi niliijua ikienda tu. Ina mlio mwingine kabisa, mzito, unaanza mbali na kukua, na mtu aliye ndani ya nyumba moyo wake unaanza kwenda nao.

Dirisha likawa jeusi. Halafu ukutani, karibu na dari, ukatokea mwanga mweupe kama maziwa, na chini, palepale penye mkono wangu, wa rangi ya chai, umekatwakatwa na nondo za dirisha. Ukazimika. Ukarudi. Ukazimika. Ukarudi. Swichi haikusikika. Miaka yote nilikuwa na mlio bila mwanga, sasa nilikuwa na mwanga bila mlio, na nilielewa kwa nini mdogo wangu alikuwa akiweka mkono pale. Niliuweka wangu. Una joto. Najua ni ukuta wa Jeddah, kila ukuta wa Jeddah una joto. Una joto.

Shangazi Zuhura aligeuza uso wake kwenye mwanga. Akasema, kwa sauti aliyokuwa akiwaambia watoto wa nyumba ile tangu mimi sijazaliwa:

"Masudi, umekaa nini? Baba yako amefika. Kafungue geti."

Nikanyanyuka, nikaenda nikafungua.